Uliza Ujibiwe: Manowari za Kijerumani Zilitoka Wapi?

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu Agosti 1885, pale manowari za Kijerumani zilipotia nanga mbele ya kasri la Sultani Barghash bin Said huko Unguja na kumlazimisha aondoe pingamizi lake juu ya nchi ambazo Wajerumani walidai kuwa ni zao huku bara. Barua zilizotufikia kutoka Moshi na Arusha zinaonyesha kwamba wasomaji wengi walitaka kujua zaidi kuhusu meli zenyewe. Tumechagua barua nne, na pale zilipokuwa ndefu mno tumezifupisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, ninaishi Majengo, Moshi. Ujerumani niliyoisoma na kuifundisha miaka yote ilikuwa nchi ya askari wa nchi kavu: Bismarck, reli, bunduki, na ushindi dhidi ya Ufaransa. Taifa lililozaliwa mwaka 1871 lilipataje, katika miaka kumi na minne tu, manowari za kuja kumtisha Sultani umbali wote ule?

JIBU: Mwalimu, shaka yako ina msingi, ila jeshi la majini la Ujerumani lilizaliwa kabla ya Ujerumani yenyewe, tena likafa mara moja utotoni. Mwaka 1848 madola ya Kijerumani yaliingia vitani na Denmark kwa ajili ya majimbo ya Schleswig na Holstein, yaliyo kati yao. Denmark ilikuwa nchi ndogo, lakini ilikuwa na meli. Ikazifunga bandari na midomo ya mito ya Wajerumani, na biashara yao ya baharini ikakwama. Bunge lililokuwa likikutana Frankfurt kujaribu kuunda dola moja la Wajerumani wote likaidhinisha, tarehe 14 Juni mwaka huo, thaler milioni 6 (thaler ni sarafu yao ya fedha ya wakati huo) za kuanzisha jeshi la majini. Meli zikanunuliwa huku na huko, na uongozi akapewa Karl Rudolf Brommy, ambaye alikuwa amepata ujuzi wake katika jeshi la majini la Ugiriki. Juni 1849 kikosi chake kilipambana na meli ya Kidenmark karibu na kisiwa cha Helgoland, ambacho wakati huo kilikuwa mali ya Uingereza. Waingereza waliokuwa kisiwani wakapiga mzinga wa kuonya, na mapigano yakakatika hapo. Baadaye Palmerston, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alionya kwamba meli zinazopeperusha bendera ya dola lisilotambuliwa na yeyote zinaweza kutendewa kama za maharamia. Dola lenyewe halikusimama, fedha zikakauka, na kuanzia mwaka 1852 meli zile zikauzwa. Msomaji wa Moshi, ambaye mnada wa kahawa si jambo geni kwake, huenda hajapata kusikia jeshi zima la majini likinadiwa, lakini hilo ndilo lililotokea. Prusia, dola la Kijerumani lenye nguvu upande wa kaskazini, ilichukua meli mbili, nyingine zikaenda kwa wafanyabiashara.

Kutoka hapo kazi ilibaki mikononi mwa Prusia, hasa Mwanamfalme Adalbert, mtu wa nadra katika ukoo ule kwa kuipenda bahari. Prusia haikuwa na bandari kwenye Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo mwaka 1853 ilinunua kutoka kwa jirani yake Oldenburg kipande cha ardhi kwenye ghuba ya Jade, kwa thaler 500,000. Kilichonunuliwa, kwa kweli, kilikuwa tope. Maji hujaa na kupwa kwa kina kikubwa mahali pale, hivyo ilibidi yachimbwe mabwawa ya meli na kujengwa milango ya maji ya kuzizuia zisikae juu ya matope kila bahari inapokupwa. Vibarua walifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, na ugonjwa uliowaangusha kwa wingi ulikuwa malaria, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki huenda akalipokea kwa mshangao, kwani tumezoeshwa kuamini kwamba homa hiyo Wazungu waliikuta huku kwetu. Mfalme Wilhelm alipoifungua bandari hiyo mwaka 1869 iliitwa Wilhelmshaven. Kituo kingine kilikuwa Kiel, upande wa Bahari ya Baltiki, kilichopatikana baada ya vita vya pili na Denmark mwaka 1864.

Meli zenyewe zilikuwa za kununua. Manowari kubwa kuliko zote, König Wilhelm, iliundwa London, na awali ilikuwa imeagizwa na Waturuki; Kronprinz nayo ilitoka London, na Friedrich Carl ilitoka Toulon, Ufaransa. Vita na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870 manowari hizo za deraya, yaani zilizovikwa mabamba mazito ya chuma ya kuzikinga, zilisumbuliwa na mitambo na zikakaa Jade karibu muda wote, huku Wafaransa wakizunguka nje. Vita viliamuliwa nchi kavu, na jeshi la majini likatoka humo bila sifa. Hii ndiyo sababu, Mwalimu, vitabu ulivyofundishia havikulitaja.

Baada ya 1871 likawa jeshi la majini la Kaizari, na mtu aliyepewa kuliongoza kuanzia mwaka 1872, Albrecht von Stosch, alikuwa jenerali wa nchi kavu. Tusimcheke upesi. Ni yeye aliyesisitiza kwamba manowari za Ujerumani ziundwe Ujerumani, kwa chuma cha Ujerumani, na ndani ya miaka michache karakana za Stettin, Kiel na Wilhelmshaven zikawa zinashusha majini meli ambazo hapo awali zingeagizwa Uingereza. Lakini aliwaendesha mabaharia kwa amri za kambini. Tarehe 31 Mei 1878 manowari tatu zilikuwa zikipita karibu sana katika bahari ya Folkestone, kusini mwa Uingereza, pale merikebu mbili za matanga zilipokatiza mbele yao. Grosser Kurfürst ikageuka kuzikwepa. König Wilhelm nayo ikataka kukwepa, lakini katika fadhaa ya amri na kupokea amri usukani ulizungushwa upande usio wake, na omo yake ya chuma, yaani ncha yake ya mbele, iliyochongolewa makusudi kwa ajili ya kutoboa meli za adui, ikaitoboa meli mwenzake ubavuni. Grosser Kurfürst ilizama kwa dakika chache tu, na zaidi ya watu 260 wakafa. Kesi na lawama zilifuatana kwa miaka, na Stosch akaondoka mwaka 1883. Aliyemrithi, Leo von Caprivi, alikuwa jenerali wa nchi kavu vilevile.

Sasa tufike Unguja. Kikosi cha Komodoro Carl Paschen kilichofika tarehe 7 Agosti 1885 kilikuwa na manowari Stosch, Gneisenau, Elisabeth na Prinz Adalbert, pamoja na meli ya shehena, Ehrenfels. Stosch, iliyopewa jina la jenerali yule, inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hudhani kilichomtisha Barghash kilikuwa dubwana la chuma la kisasa. Ilikuwa meli ya milingoti mitatu yenye matanga kamili na mashine ya mvuke kwa pamoja. Umbo lake lilikuwa la chuma, lakini chini lilivikwa mbao, na juu ya mbao tabaka la madini, ili viumbe wa bahari ya joto wasiigande wakati wa safari za miaka. Haikuwa na deraya. Ilibeba mizinga ya sentimita 15 na watu wapatao 400. Katika vita vya Ulaya isingedumu hata nusu saa mbele ya manowari ya deraya. Lakini kasri la Sultani lilikuwa ufukweni, mji wote ukiwa nyuma yake, na Uingereza, ambayo Barghash aliitegemea, ilimshauri akubali. Siku chache baadaye alikubali.

Tuongeze jambo moja ambalo msomaji wa Moshi analo haki ya kulijua. Miongoni mwa yaliyogombaniwa siku ile ulikuwamo mlima huu wetu, Kilimanjaro. Miezi michache kabla, Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Sultani, alikuwa amepanda hadi Kilimanjaro kwa niaba yake na kuwafanya Mangi kadhaa, yaani watawala wa Wachaga, waikubali bendera ya Sultani. Mara tu alipoondoka akafika Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikitafuta koloni, na mkataba wa Wajerumani, na Mangi Rindi wa Moshi akaukubali huo pia. Rindi alijua kuwapima wageni wake, na sidhani kwamba aliuona mkataba wowote kati ya hiyo kuwa zaidi ya salamu za kupata zawadi na silaha. Mzozo huo wa karatasi ulikatwa na mizinga iliyokuwa Unguja, mbali na macho yake.

SWALI: Mhariri, kijiweni kwetu Kaloleni, Arusha, kuna ubishi usiokwisha. Mmoja anasema Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaizari Wilhelm, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mwingine anasema Wajerumani waliibadilisha Zanzibar kwa kisiwa kidogo cha Ulaya. Nani kati yao ni mwongo?

JIBU: Wa kwanza anasimulia hadithi tamu, na wa pili amekosea nusu.

Mpaka unaopinda kuuacha mlima upande wetu ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 1886: kutoka mdomo wa mto Umba hadi ziwa Jipe, ukazunguka mteremko wa kaskazini wa Kilimanjaro, kisha hadi ziwa Victoria. Wajerumani walitegemea mkataba wa Jühlke, Waingereza wakabaki na Mombasa. Mwaka huo Kaizari alikuwa Wilhelm wa Kwanza, mzee ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Mjukuu, Wilhelm wa Pili, alitawazwa Juni 1888. Ubishi huo ufungwe.

Kuhusu kisiwa, mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 upo, na Helgoland ilihamia kwa Wajerumani kutokana nao. Ila mtu hawezi kubadilisha kisicho chake, na Zanzibar haikuwa ya Ujerumani hata siku moja. Ilichokifanya Ujerumani ni kuahidi kwamba haitaipinga Uingereza ikiiweka Zanzibar chini ya ulinzi wake, na kuacha madai yake ya Witu, karibu na Lamu. Kwa upande wake ilithibitishiwa bara lote tunalokaa, na ukanda wa pwani, ambao hadi hapo ulikuwa umekodishwa tu, ikaununua kwa kumlipa Sultani marki milioni 4.

Kwa nini Helgoland? Ni mwamba mwekundu wenye eneo la kilomita ya mraba moja hivi, lakini umesimama kwenye lango la Bahari ya Kaskazini, mbele ya midomo ya mito Elbe na Weser na mbele ya Wilhelmshaven. Na mwaka 1887 Wajerumani walikuwa wameanza kuchimba mfereji kutoka Kiel hadi mdomo wa Elbe. Bila mfereji huo, manowari iliyoko Baltiki ingelazimika kuizunguka Denmark yote ili kufika upande wa pili, ikipita katika milango ya bahari ambayo ingeweza kufungwa na adui. Ulipofunguliwa Juni 1895, ukiwa na urefu wa kilomita 98 hivi, vikosi viwili vya meli vikawa kimoja. Mfereji wa namna hiyo unaotokezea mbele ya kisiwa cha Mwingereza ungekuwa kichekesho. Tena angalieni nani alikuwa Kansela aliyeusimamia mkataba wa 1890: ni yule Caprivi, aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini hadi 1888. Watetezi wa makoloni walimtukana kwa kuuza Afrika kwa bei ya jiwe. Yeye alijua alichokinunua.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Arusha. Kitabu chetu kinasema Ujerumani ilikuza jeshi lake la majini ili kulinda makoloni yake. Je, ni sawa nikijibu hivyo kwenye mtihani?

JIBU: Marahaba. Andika hivyo kama sababu iliyotangazwa, kisha uonyeshe kwamba matendo hayakulingana nayo.

Vita vya kulishika koloni hili vilipiganwa na meli ndogo na za zamani. Watu wa pwani waliposimama mwaka 1888, Abushiri bin Salim akiongoza Pangani na Bagamoyo na Bwana Heri akiongoza Saadani, Admirali Deinhard alikuja na manowari Leipzig na nyingine chache za aina hiyo. Kuanzia Desemba 1888 hadi Oktoba 1889 pwani iliwekewa kizuizi, Waingereza wakishiriki, kwa maelezo kwamba yanapekuliwa majahazi yenye watumwa na silaha. Kwamba kizuizi hicho kiliwafaa pia Wajerumani kuwamaliza wapiganaji hakuhitaji maelezo. Mabaharia walishuka pwani na kupigana pamoja na askari wa Wissmann, kamanda aliyetumwa na Ujerumani kuyazima mapambano hayo, walipoivamia ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889, na Desemba mwaka huo Abushiri alinyongwa Pangani. Katika yote hayo haikuhitajika hata manowari moja ya deraya.

Manowari za deraya zilikuwa zikiundwa kwa ajili ya mahali pengine. Za aina ya Brandenburg, nne, zilizoanza kazi 1893 na 1894, zilikuwa za tani 10,000 kila moja, na zilibeba mizinga sita ya sentimita 28 ndani ya ngome za chuma zinazozunguka. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa hapakuwa na mpango. Kaizari Wilhelm wa Pili alipenda meli kupita kiasi, akichora mwenyewe michoro yake, lakini alibadili mawazo mara kwa mara, na Bunge, Reichstag, lilimkatia fedha, safari ya mwisho ikiwa Machi 1897.

Juni mwaka huo ofisi ya jeshi la majini alipewa Alfred Tirpitz, aliyekuwa ameijenga idara ya mashua za topido, na kila kitu kikageuka. Katika waraka aliomwandikia Kaizari mwezi huohuo alieleza kwamba adui hatari zaidi baharini ni Uingereza. Kwamba vita vya kuwinda meli za biashara katika bahari za mbali havifai, kwa kuwa Ujerumani haina vituo vya kutosha ng'ambo. Na kwamba nguvu zote ziwekwe kwenye manowari kubwa, zipigane kati ya Helgoland na mdomo wa mto Thames. Lipime hilo, mwanafunzi wangu. Mtu anayetaka kulinda Dar es Salaam angeomba meli za mwendo mrefu na vituo vya makaa ya mawe. Tirpitz aliomba meli za kukaa mlangoni kwa Mwingereza, ili Uingereza, ikiogopa kudhoofika hata ikishinda, ikubali kuiachia Ujerumani nafasi duniani. Makoloni yangefaidika baadaye, kwa mbali, kama mpango ungefaulu.

Ujanja wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa wa kibunge. Badala ya kuomba meli moja moja kila mwaka na kukatiwa, alileta sheria. Sheria ya 1898, iliyopitishwa tarehe 28 Machi kwa kura 212 dhidi ya 139, iliweka idadi: manowari kubwa 19, meli za deraya za kulinda pwani 8, kruza (manowari nyepesi za mwendo wa kasi) kubwa 12 na ndogo 30, kwa gharama ya marki milioni 400 hivi katika miaka sita. Pia iliweka umri wa kustaafu, miaka 25 kwa manowari kubwa, hivyo meli ikizeeka mpya inaundwa bila mjadala. Wabunge walijifunga mikono wenyewe. Ili wakubali, ofisi yake ilikuwa na idara ya habari iliyosambaza vijitabu, ikawatumia maprofesa kuhutubia, na mwezi mmoja baada ya kura ikaanzishwa Jumuiya ya Jeshi la Majini, yenye fedha za wenye viwanda kama Krupp, aliyekuwa muuzaji wa deraya na mizinga. Katika miaka michache ilikuwa na wanachama mamia ya maelfu, wengi wao wa miji ya bara.

Hapo ndipo Afrika inapoingia tena, kwa njia isiyotarajiwa. Desemba 1899 Waingereza, wakiwa vitani na Makaburu, waliikamata Bundesrath, meli ya barua ya kampuni ya Hamburg iliyokuwa ikihudumia pwani yetu, wakaipeleka Durban wakiishuku kubeba silaha. Hazikuonekana silaha, na meli ikaachiwa. Huko Ujerumani hasira zilipanda, na Tirpitz hakuiachia nafasi hiyo ipite: Juni 1900 sheria ya pili ilipita, ikiipandisha idadi ya manowari kubwa hadi 38. Ni kipindi hichohicho ambapo Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilikuwa likijengwa. Kufikia mwaka 1914 jeshi hilo la majini lilikuwa la pili kwa ukubwa duniani, na Uingereza, badala ya kuogopa, ilikuwa imeunda zaidi.

SWALI: Je, manowari hizo kubwa ziliwahi kuwekwa Tanga au Dar es Salaam? Msomaji, Soweto, Moshi.

JIBU: Hapana. Pwani yetu iliachiwa kruza ndogo zisizo na deraya, kama Schwalbe, Condor na Seeadler. Seeadler, ya tani 1,600 hivi na mizinga minane ya sentimita 10.5, ndiyo inayokumbukwa zaidi kwa sababu ya tukio la mwaka 1896. Agosti mwaka huo Waingereza walilipiga kwa mizinga kasri la Unguja na kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia kiti. Naye akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Askari wa Kiingereza walimngoja nje ili akanyage tu ardhi ya Unguja wamkamate. Tarehe 2 Oktoba Seeadler ilifika, na bahari ilipojaa hadi kwenye bustani ya ubalozi, mashua yake ilisogezwa mpaka mlangoni, Khalid akaingia moja kwa moja bila kukanyaga nchi, akapelekwa Dar es Salaam. Aliishi huko hadi mwaka 1916, Waingereza walipomkamata.